Herd Kwanza: Mwongozo wa Kujifunza Majina ya Makundi ya Wanyama kwa Kiingereza

Ukipata nafasi ya kumfundisha mtoto wa Kimali, mkoani Simiyu, neno moja tu la Kiingereza, mfundishe "herd". Ndilo neno la kundi la ng'ombe, na huku kwetu haipiti asubuhi bila ng'ombe kukatiza barabara, vumbi likiwafuata na mchungaji akiwa na fimbo mabegani. Neno analoweza kulitumia kabla hajafika shuleni, na akalitumia tena akirudi nyumbani jioni, halisahauliki kirahisi.

Kwa kawaida hatuanzi hivyo. Majina ya makundi ya wanyama huandikwa ubaoni kwa mstari mrefu, kuanzia simba hadi samaki, na mwanafunzi huyakariri usiku mmoja kwa ajili ya mtihani. Likizo ikiisha, hakumbuki tena kama "pride" ni ya simba au ya nyuki. Mambo huwa magumu zaidi kidato cha kwanza. Katika shule nyingi za msingi za serikali Kiingereza ni somo mojawapo tu. Sekondari Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia, kwa hiyo baiolojia na jiografia humjia mwanafunzi kwa Kiingereza. Kijana aliyechunga tangu utotoni hukaa darasani kimya, akishindwa kueleza jambo analolijua vizuri kuliko wenzake wote.

Mwongozo huu ni wa kijana huyo, na wa mzazi au mwalimu anayetaka kumsaidia. Msingi wake ni mmoja: kabla ya kukariri jina la kundi, jiulize wanyama hao wanaishije pamoja. Wanaolisha wana neno lao, wanaowinda wana lao, wanaoruka wana lao. Tabia za wanyama unazijua tayari. Kilichobaki ni kuzipa majina.

Hatua ya 1: Likamilishe neno moja kabla ya kwenda la pili

Chukua "herd". Neno hili linawafaa wanyama wakubwa wenye kwato wanaolisha pamoja: ng'ombe, punda, nyati, nyumbu, pundamilia, swala na twiga. Tembo hawana kwato kama za ng'ombe, lakini nao huitwa "herd". Nguruwe pia. Kwa neno hili moja umeshamaliza zizi la nyumbani na sehemu kubwa ya wanyama wa Serengeti na Pori la Akiba la Maswa.

Sasa litie kwenye sentensi. Neno lililo peke yake halina pa kushikia. Sema: "A herd of cattle is crossing the road." Kisha: "A herd of elephants has entered our maize field." Sentensi ya pili wakazi wa vijiji vilivyopakana na hifadhi hawahitaji kuifikiria sana, tembo wakishaingia kwenye mahindi usiku, asubuhi shamba zima linasimulia.

Angalia mambo matatu katika sentensi hizo.

La kwanza, baada ya "of" mnyama huwa katika wingi. Husemi "a herd of cow", bali "a herd of cows". Kuna wanyama ambao majina yao hayabadiliki katika wingi, na hapo ndipo wengi hupotezea alama: "sheep" ni kondoo mmoja na kondoo mia, wala hakuna "sheeps". "Wildebeest", "buffalo" na "fish" pia unaweza kuyaacha yalivyo. "Cattle" lina tabia yake ya pekee: ni wingi tupu, halina umoja. Huwezi kusema "one cattle". Ng'ombe mmoja jike ni "cow", dume ni "bull", na maksai anayevuta plau ni "ox", ambaye wingi wake ni "oxen".

La pili, kitenzi. Kundi ni moja hata likiwa na ng'ombe mia mbili, kwa hiyo andika "the herd is", si "the herd are". Waingereza wenyewe wakati mwingine hutumia "are", lakini kwenye mtihani "is" haitakuponza.

La tatu, "herd" ni jina na pia ni kitenzi. "I herd my grandfather's cattle" maana yake nachunga ng'ombe wa babu. Kwa mtoto wa Kisukuma hii ni zawadi, kwa sababu anapata sentensi inayomhusu yeye mwenyewe. Ukiulizwa kwenye usaili wa kazi au na mgeni ulikuwa unafanya nini utotoni, jibu unalo.

Matamshi nayo usiyaache. "Herd" hutamkwa sawasawa na "heard", yaani "nilisikia", na ina vina na "bird" na "third". Isichanganywe na "head", ambayo ni kichwa, wala "hard", ambayo ni ngumu. Isome kwa sauti pamoja na "bird" mara kadhaa: bird, herd, bird, herd. Ukisikia sauti ya katikati inafanana, umepatia.

Hatua ya 2: Ongeza "flock", kisha uyatenganishe

Neno la pili liwe "flock". Hili ni la kondoo, na ni la ndege karibu wote: kuku, kanga, njiwa, korongo. Mbuzi wamekaa katikati. "A herd of goats" na "a flock of goats" yote ni sahihi. Ukiwa na kondoo na mbuzi wanaochungwa pamoja, kama ilivyo kawaida huku kwetu, "a flock of sheep and goats" inatosha.

Kwa ndege, mfano wa wazi ni kwelea kwelea. Mkulima wa mtama anayewajua hahitaji maelezo: wanatua wote, wanainuka wote, na anayeamia ndege anakimbia huku na huko akipiga debe. Hao ni "a flock of quelea". Wakija wengi kiasi cha kufunika mti, ongeza neno moja: "a huge flock".

Hapa kuna jambo la ulimi. Kisukuma hakina sauti ya "r", kwa hiyo wengi wetu "r" hutuponyoka ikawa "l", na wakati mwingine, kwa kuogopa kukosea, tunaweka "r" pasipostahili. "Flock" ikigeuka "frock" imekuwa gauni. "Pride" ikigeuka "plide" haina maana yoyote. Tenga dakika chache usome jozi: flock, frock; fly, fry; play, pray. Soma taratibu, mwenzako akikusikiliza akiwa amefumba macho, akuambie amesikia neno lipi.

Njia nzuri ya kutenganisha "herd" na "flock" ni kusimama kando ya lambo jioni, mifugo inapokuja kunywa. Ng'ombe hufika kwanza, wanaingia majini hadi magotini. Kondoo na mbuzi wanakuja nyuma, wamebanana, wakisita kwenye tope. Upande wa pili kanga wanapekua kwenye majani makavu. Elekeza kidole na useme: "a herd of cattle", "a flock of sheep", "a flock of guinea fowl". Kisha fanya kinyume: mwenzako aseme "flock" nawe uonyeshe ni wepi. Macho, kidole na ulimi vikifanya kazi pamoja, neno linapata mahali pa kukaa.

Kama kuna maksai wamerudi kutoka shambani, usiwaite "herd" wakiwa bado wamefungwa nira. Wawili ni "a pair of oxen" au "a yoke of oxen". Wanne wanaovuta plau moja ni "a team of oxen".

Hatua ya 3: Wanaowinda wajifunze pamoja

Wanyama wanaokula nyama hawaitwi "herd". Hapa Kiingereza kina maneno matatu yanayofaa kujifunza kwa mpigo mmoja, kwa kuwa kila moja linaonyesha namna tofauti ya kuishi.

"Pride" ni ya simba. Kiini chake ni majike wenye undugu, mama na mabinti na mama wadogo, wakiwa na watoto wao, pamoja na dume mmoja au madume wachache. Mtafiti George Schaller aliwafuatilia simba wa Serengeti katika miaka ya 1960, na kitabu chake cha mwaka 1972 kiliwafanya wasomaji wengi duniani wajue "pride" inaendeshwaje. Madume vijana wakifukuzwa huungana wawili au watatu, na muungano wao huitwa "coalition". Neno hilo huenda umeshalisikia kwenye siasa: ndilo magazeti ya Kiingereza yalilouitia UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, kwenye uchaguzi wa mwaka 2015. Duma madume wanaotembea pamoja nao ni "a coalition of cheetahs".

"Pack" ni ya mbwa mwitu. Wanawinda kwa kushirikiana, na wakirudi shimoni huwatapikia nyama watoto waliobaki. "A pack of wild dogs is hunting." Hata mbwa wa kijijini wakijikusanya usiku na kuzunguka mitaani, ni "pack".

"Clan" ni ya fisi, na ina maana ileile ya ukoo. Mtafiti Hans Kruuk aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro alionyesha katika kitabu chake, nacho cha mwaka 1972, kwamba fisi wanaishi katika koo zenye mipaka zinayoilinda, na kwamba wanawinda wenyewe, hawasubiri mabaki tu. Vitabu vingine vitakuambia kundi la fisi ni "cackle", kwa sababu ya kicheko chao. Ukiandika kuhusu maisha ya fisi, tumia "clan". Ndilo neno wanalolitumia wanaowachunguza.

Baada ya hao, nyani na tumbili: "troop". Utaliona mara nyingi kwenye vitabu vya baiolojia. "A troop of baboons raided the farm." Kumbuka herufi: "troop" ya nyani ina "oo". "Troupe" yenye "ou" ni kikundi cha wasanii, kama cha ngoma.

Hatua ya 4: Wadogo na wengi

Nyuki wana maneno mawili, na tofauti yake mfuga nyuki ataiona mara moja. Wakiwa ndani ya mzinga wanafanya kazi zao ni "colony". Wakitoka pamoja, wakajining'iniza kwenye tawi kama bumba au wakamfukuza mtu, ni "swarm". Nzige wakifunika anga nao ni "swarm". Kwa hiyo "swarm" ni wadudu walio safarini, na "colony" ni wadudu walio kwao. Mchwa katika kichuguu ni "colony".

Samaki ni "school" au "shoal". "School" hutumika hasa samaki wanapoogelea pamoja kuelekea upande mmoja, na "shoal" wanapokuwa pamoja tu. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaovuliwa kwa taa upande wa Busega unaweza kuwaita kwa lolote kati ya hayo. Usishtuke kwamba "school" ni shule pia. Ni maneno mawili yanayoandikwa sawa, na sentensi itakuonyesha lipi ni lipi.

Vifaranga wa kuku mmoja ni "brood". Watoto wa mbwa, paka au nguruwe waliozaliwa pamoja ni "litter", neno ambalo pia lina maana ya takataka. Haya yanatosha kwa muhula mzima.

Hatua ya 5: Lipe neno siku zake

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe. Aliona kwamba mtu husahau haraka sana mwanzoni, kisha kasi ya kusahau hupungua, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunashika kuliko kukariri kwa siku moja. Hili unaweza kulifanyia kazi bila gharama.

Kata boksi la sabuni au la biskuti uwe na vikadi vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja andika Kiswahili: "kundi la nyati". Upande wa pili andika sentensi kamili: "A herd of buffalo is near the river." Soma kikadi leo, kesho, baada ya siku 3, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kila mara jibu kwanza kwa kinywa, ndipo ugeuze. Kusoma upande wa jibu tena na tena hakukusaidii kama kujaribu kulikumbuka, hata ukikosa.

Faida nyingine ya vikadi ni kwamba mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kuwa mwalimu. Mama akiwa anachambua mchele anasoma "kundi la simba", mtoto anajibu "a pride of lions", mama anageuza na kulinganisha herufi. Akikosea, kikadi kinarudi chini ya fungu. Akipatia, kinawekwa pembeni hadi siku yake ifike.

Usiingize vikadi zaidi ya viwili au vitatu vipya kwa wiki. Kwa mpango huo, katika muda wa muhula mmoja unayo maneno yote ya mwongozo huu, na utakuwa umeyatumia, si kuyaona tu.

Hatua ya 6: Yatafute kwenye vitabu vilivyo karibu

Si kila nyumba ina kamusi, lakini nyumba nyingi zina Biblia, na Biblia mbili za lugha mbili ni darasa tosha. Fungua Luka 2, wachungaji wanaokesha usiku, kisha Marko 5, nguruwe waliotelemka ziwani. Kwa Kiswahili pote utakuta "kundi". Kwa Kiingereza, kondoo wa Luka ni "flock" na nguruwe wa Marko ni "herd". Kisha nenda Waamuzi 14, Samsoni alipowakuta nyuki kwenye mzoga wa simba: hapo utaikuta "swarm". Umepata maneno matatu ndani ya hadithi unazozijua, bila mtu kukutafsiria.

Shuleni tafuta Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996. Usitafute kwenye "lion". Tafuta kwenye "pride" na usome maana zote, kwa kuwa ya kwanza itakuwa fahari au majivuno, na ya simba itafuata. Kitabu cha baiolojia nacho kisomwe ukiwa na penseli: kila ukikutana na jina la kundi, lipigie mstari na unakili sentensi yake yote.

Maneno ya mapambo

Utakutana na orodha zinazodai kundi la pundamilia ni "dazzle", la twiga ni "tower", la vifaru ni "crash", na la nyumbu ni "implausibility". Si uongo, lakini yajue yalivyo. Mtindo wa kubuni majina haya ni wa zamani: mwaka 1486 kilichapishwa Uingereza kitabu kiitwacho Book of Saint Albans, kilichowahusu mabwana waliopenda kuwinda. Ndani yake mlikuwa na orodha ndefu ya majina ya makundi, "pride" ya simba na "murder" ya kunguru yakiwemo, pamoja na mzaha kwa watu: kundi la majaji liliitwa "sentence", yaani hukumu. Machache yaliingia katika lugha ya kila siku, mengine yakabaki mchezo wa maneno.

Waongoza watalii huyatumia kuwachekesha wageni, na ukitaka kazi hiyo si vibaya kuwa nayo mawili matatu mfukoni. Twiga waliosimama ni "tower", yaani mnara. Wakianza kutembea wanakuwa "journey", yaani safari. Lakini mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka au wa Pasiansi, Mwanza, akiandika ripoti ya doria hataandika "implausibility". Nyumbu wa Serengeti, ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, yeye na watafiti watawaita "herd" au "herds". Kwenye mtihani fanya kama wao, isipokuwa swali limetaja jina la pambo waziwazi.

Ukikwama

Itatokea siku umemwona mnyama na jina la kundi lake halikujii. Usinyamaze. Kiingereza kina "group", nalo linafaa kwa mnyama yeyote: "a group of giraffes", "a group of monkeys", "a group of hyenas". Hakuna atakayekucheka, na watafiti wenyewe hulitumia kila siku. Sema hivyo, maliza sentensi yako, kisha ukifika nyumbani utafute neno lenyewe na ulitengenezee kikadi. Mgeni akikuuliza umeona nini porini, "a group of giraffes" ni jibu kamili. Kukaa kimya ukiitafuta "tower" si jibu.